Nyumba moja Sinza, makadirio matatu: milioni 6.8, milioni 23.5 na milioni 54

Nyumba ya wazazi wetu ipo Sinza, Dar es Salaam, kwenye viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa kiwanja, barabara na bomba la maji, kujenga akajenga mwenyewe kadiri mfuko ulivyomruhusu. Baba alijenga hivyo, chumba kimoja baada ya kingine, na alipofika juu akaezeka kwa bati za asbesto. Wakati ule zilisifiwa sana: haziliwi na kutu, mvua ikinyesha hazipigi kelele, na mchana nyumba haiwi tanuri. Baba sasa hayupo, mama ana miaka 71, na paa lile linavuja sehemu tatu.

Baada ya masika ya mwaka jana tulikaa watoto wote wanne tukakubaliana kukarabati. Orodha yetu ilikuwa fupi: paa, dari, choo na bafu, na kuta zinazobanduka lipu. Dada yetu mkubwa, aliyepo Dodoma, akakisia milioni 15. Kisio hilo halikuwa na msingi wowote isipokuwa kwamba jirani aliwahi kuezeka upya kwa milioni 9, na hiyo ilikuwa mwaka 2016. Lakini namba ikishatajwa kwenye kikao cha familia inashika mizizi. Tulichangishana tukiwa na milioni 15 kichwani, ndipo tukaita watu waje kutazama.

Wa kwanza ni fundi wa mtaani, anayetujua tangu tukiwa tunacheza gololi. Alizunguka nyumba kama dakika kumi na tano, akapanda kwenye ukuta wa uzio kuchungulia paa, akashuka akajipangusa mikono. "Milioni sita na laki nane, bosi. Tukielewana naanza Jumatatu."

Wa pili ana kikundi chake cha vijana sita, amepitia chuo cha ufundi cha VETA, na kazi zake mbili tuliziona kwa macho. Alileta ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Milioni 23.5.

Wa tatu ni mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, daraja la saba, lile la chini kabisa kwa upande wa majengo. Alituma kijana na futi na kamera. Siku tisa baadaye tukapokea barua ya kurasa nne, na chini ya ukurasa wa mwisho: Sh 54,280,000.

Kundi letu la familia lilikaa kimya kwa nusu saa nzima, kisha likalipuka. Kaka akauliza kama huyu mtu anataka kutujengea ghorofa. Mdogo wetu akasema wakandarasi wote ni wezi, turudi kwa fundi wa mtaani. Mama, aliyesomewa namba hiyo akiwa anachambua mchele, alisema, "Basi niacheni na ndoo zangu." Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nisiifute ile barua. Kwa kuwa mimi ndiye niliyepo Dar, kazi ya kufuatilia ilinifikia bila kupigiwa kura.

Nilichokuja kukigundua kilinichukua wiki tano, na naamini kinaweza kumfaa mwingine mwenye karatasi ya namna hii mezani. Ile milioni 54 haikuwa wizi. Sehemu kubwa ya tofauti ilitoka kwetu: tuliuliza swali lisilo na umbo, na kila mmoja akajibu swali lake.

Milioni 6.8 ilikuwa ya nini

Nilianza na bei ya chini kwa sababu ndiyo iliyowavutia ndugu zangu. Nilimwuliza fundi wetu, "Milioni sita na laki nane ni pamoja na vifaa?" Akanitazama kwa huruma. "Ufundi huo, bosi. Vifaa mnanunua wenyewe." Aliniandikia orodha ya vifaa kwenye karatasi ya daftari, nikaingia nayo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Manzese.

Duka la pili nililoingia, kijana wa kaunta aliipitia ile orodha, akapiga hesabu kwenye kikokotoo, kisha akainama kidogo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, niandike ngapi?"

Sikumwelewa. Akarudia, "Kwenye risiti. Niandike ngapi?" Alidhani mimi ndiye fundi nimetumwa na mwenye nyumba. Alikuwa ananipa nafasi ya kuweka cha juu changu, na jinsi alivyouliza, kalamu ikiwa tayari imeinuliwa, ilionyesha hili ni swali analouliza mara nyingi kwa siku. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, na kwa siku mbili nilimwona kila fundi mwizi.

Hasira ilipopoa nikakaa na ile orodha nikaipima. Mstari uliosema saruji ya lipu ulikuwa na mifuko 20. Kuta tulizotaka kupiga lipu upya zilikuwa na mita za mraba kama 60. Lipu ya unene wa sentimita 1.5 kwenye eneo hilo haifiki hata mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, ukihesabu na ule mchanganyiko mkavu unavyonywea ukitiwa maji, unahitaji mifuko 7 hivi ya kilo 50. Hata ukiongeza ya kudondoka na ya kuziba mashimo, huvuki 10.

Nilimrudishia fundi hesabu hiyo bila kumgombeza. Naye hakubisha. Alisema huwa anaandika ya ziada kwa sababu wenye nyumba wengi wakishanunua mara ya kwanza hawapokei simu mara ya pili. Mfuko mmoja ukipungua, vijana wanakaa siku nzima, na posho yao ya siku anailipa yeye. Nilimwamini, kwa maana nimewahi kuwa mwenye nyumba asiyepokea simu. Lakini kutoka 7 hadi 20 hakuelezeki kwa simu peke yake, na yeye na mimi tulijua hivyo.

Baada ya kuisafisha orodha na kuulizia bei maduka matatu, vifaa vilifika milioni 18.9. Jumlisha na ufundi wa milioni 6.8: milioni 25.7. Yule wa bei ya chini alikuwa ghali kuliko yule wa milioni 23.5, na hakuna aliyetudanganya. Sisi ndio tuliozipanga namba mbili zisizofanana kwenye mstari mmoja.

Milioni 23.5 ilikuwa na nini, na haikuwa na nini

Huyu wa pili alijumlisha vifaa na ufundi. Lakini ukurasa wake uliandikwa kwa mafungu: "Paa, milioni 12. Choo, milioni 4.5." Hakuna aina ya bati, hakuna idadi ya mbao, hakuna neno kuhusu taka zitakazotoka. Nilimpigia simu nikaanza kuuliza kimoja kimoja.

Bati alilopiga hesabu ni msauzi wa geji 32. Wasioshughulika na mambo haya wajue kwamba geji inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Dukani nilishika vipande viwili, geji 28 mkono wa kulia na geji 32 mkono wa kushoto. Ile ya 32 niliikunja pembeni kwa kidole gumba. Fundi akikanyaga vibaya juu ya paa linabonyea, maji yanatuama pale, na kutu inaanzia hapo hapo. Kwa Dar, penye hewa ya chumvi, ningemshauri mtu yeyote asubiri mwaka mmoja aongeze fedha kuliko kuezeka nyumba ya kuishi kwa geji 32.

Mbao alikuwa amedhani kenchi zote, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ni nzima na zitabaki. Aliniambia wazi kwamba akizikuta zimeoza "tutazungumza." Neno hilo lina bei, sema tu halikuandikwa kwenye ukurasa.

Kisha nikamwuliza kuhusu asbesto. Kimya kifupi. "Hizo tunazipiga nyundo, zinashuka. Kifusi tunafukia huko huko nyuma, au kuna watu wanachukua kujaza barabara." Fundi wa kwanza alikuwa na jibu lile lile, karibu kwa maneno yale yale.

Hapa naomba nisimame kidogo. Asbesto ikiwa nzima na imetulia juu ya paa haina shida kubwa. Inapovunjwa, inapokatwa kwa msumeno au kutobolewa kwa drili, inatoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Zinaelea hewani, mtu anazivuta, zinakaa kwenye mapafu na nyingine hazitoki. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo saratani ya utando unaozunguka mapafu, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20, 30 au 40 baada ya mtu kuzivuta. Kwa hiyo vijana wa miaka 20 wangepanda juu ya nyumba ya mama na nyundo, vifua wazi, wangelipwa posho ya siku, na kama wangekuja kuugua wangekuwa na wajukuu. Hakuna ambaye angekumbuka paa la Sinza. Na kile kifusi kingefukiwa nyuma, pale mama anapopanda mchicha.

Nilipowaeleza ndugu zangu hilo, mjadala wa "wakandarasi wote ni wezi" ulipungua makali. Haukuisha.

Milioni 54, mstari kwa mstari

Ile barua ya kurasa nne tulikuwa tumeisoma kama watu wengi wanavyosoma makadirio: tunafunua ukurasa wa mwisho, tunatazama namba ya chini, tunashika kichwa. Safari hii niliisoma kutoka juu nikiwa na peni.

Kazi za awali, milioni 3: stoo ya muda, mlinzi, ngazi na majukwaa ya kupandia, maji ya kazi, kusafisha eneo. Kuondoa asbesto na kuipeleka inakotakiwa kutupwa, milioni 7. Paa jipya, milioni 14.5. Dari, 5.2. Choo na bafu, 6.1. Kuta, 4.2. Hapo ni milioni 40 kamili. Juu yake fungu la dharura la asilimia 15, yaani milioni 6. Jumla 46. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, Sh 8,280,000. Ndiyo 54,280,000 yetu.

VAT haikuwa hiari yake, amesajiliwa na lazima aitoze aipeleke Mamlaka ya Mapato (TRA). Yule wa pili hajasajiliwa na haruhusiwi kuitoza. Hilo peke yake ni zaidi ya milioni nane za tofauti, na si faida ya mtu. Mstari wa asbesto nao ulikuwa wa kazi ambayo wengine wawili hawakuipigia hesabu kabisa: bati zinaloweshwa maji kabla ya kuguswa, misumari inafunguliwa moja moja badala ya kuvunja, kila bati linashushwa zima, linafungwa kwenye nailoni nzito mara mbili na kuandikwa, watu wanavaa barakoa zenye chujio na nguo za kutupa, na taka inasafirishwa kwa utaratibu wa taka hatarishi ambao NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayousimamia.

Lakini mistari mingine ilinitatiza. Kwa nini paa milioni 14.5? Kwa nini kuta 4.2? Na kwa nini dharura asilimia 15? Nilimfuata ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la dawa, nikamwuliza hivyo hivyo.

Alinijibu kwa swali. "Wewe umewahi kuona kenchi zenu?"

Hapana.

"Na mimi sijaziona. Nimeona madoa kwenye dari. Nyumba ya miaka arobaini na kitu, inavuja, kenchi sizijui. Nikikuandikia nabadilisha mbao tano, halafu nikafungua nikakuta zote zimeliwa na mchwa, utakubali niongeze bei?"

Nilikaa kimya, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba familia yetu isingekubali. Tungesema ameshatuingiza, sasa anatukamua.

Basi alipiga hesabu ya mbao zote mpya. Kuta zilikuwa na unyevu na ile chumvi nyeupe inayochanua kwenye lipu. Hakujua maji yanatoka wapi, kwa hiyo akapiga hesabu ya kukwangua na kupiga lipu upya vyumba vyote kwa nje na ndani. Na kwa yale asiyoweza hata kuyakisia, akaweka dharura ya asilimia 15. Kila asichokijua alikitia bei, na alikitia bei ya hali mbaya kabisa, kwa sababu yeye ndiye angebeba hasara. Wale wengine wawili hawakijui vile vile. Wao walikiacha nje ya karatasi ili kije kuzungumzwa paa likiwa limeshafunguliwa na mama hana pa kulala. Nyumba mpya unaanza na kiwanja kitupu, unahesabu tofali na nondo kutoka sifuri. Nyumba ya zamani ina miaka arobaini ya mambo yaliyojificha nyuma ya lipu.

Kufungua kabla ya kuuliza

Wazo la kufungua lilitoka kwake mwenyewe, na ndilo lililobadilisha kesi yote. "Nitafutie siku moja, nipe na fundi bomba. Tutoboe mahali pachache. Kisha nitakuandikia tena."

Siku hiyo ilitugharimu Sh 450,000, na kaka alinilalamikia kwamba nalipa watu kuharibu nyumba.

Walifungua dari sehemu tatu, kila tundu la kutosha mabega ya mtu, wakiwa na barakoa na bila kugusa bati zenyewe. Nilipanda ngazi nikaingiza kichwa na tochi. Kulikuwa na vumbi la miaka yote ile, kiota cha panya, na mbao za baba. Mbao nene, nyeusi kwa uzee. Yule mkandarasi alizichoma kwa bisibisi moja moja na bisibisi ikagoma kuingia. Kenchi mbili tu, zile za upande wa chooni maji yalikokuwa yanapitia, ziliingia kama unachoma keki. Pamoja nazo kipande cha mbao ya juu ya ukuta kama mita nne. Basi. Zilizobaki zote zilikuwa ngumu kuliko mbao nyingi zinazouzwa leo barabarani. Nilishuka nikampigia mama simu kumwambia kwamba mbao za baba ni nzima. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alimwona mwenyewe akizipaka dawa ya mchwa kabla ya kuzipandisha.

Upande wa kuta ulikuwa na siri yake. Sote tuliamini unyevu unapanda kutoka ardhini, kwa sababu ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi za pwani: maji yanapanda ukutani yamebeba chumvi, yakikauka chumvi inabaki, inavimba, inasukuma lipu. Fundi bomba aling'oa marumaru sita za bafuni akafuata bomba. Lilikuwa la chuma, la tangu nyumba inajengwa, limeliwa na kutu, na kwenye kiungo kimoja maji yalikuwa yanatoka kama machozi. Hayaonekani wala hayasikiki, yanaulowesha ukuta usiku na mchana kwa miaka. Bili za maji ambazo mama alikuwa anazilalamikia zilikuwa zinaingia kwenye ukuta ule. Vyumba vya mbele, tulipokwangua kidogo, vilikuwa na rangi iliyochoka tu.

Baada ya hapo nilimlipa mkadiriaji majenzi Sh 600,000 apime na kutuandikia maelezo ya kazi: kurasa mbili, kila kitu na kipimo chake. Bati msauzi geji 28. Kenchi mbili mpya, mbao ya ukuta mita nne, papi (mbao za kupigilia bati) zote mpya. Bomba zote za bafuni za plastiki. Lipu ukuta mmoja, pande zote mbili. Dari vyumba vitatu, sebule ibaki. Karatasi hiyo hiyo moja tukawapa wote watatu.

Fundi wa mtaani alisoma, akasema kwa moyo mweupe kwamba kazi hiyo si ya kwake, lakini tukitaka mtu wa kupaka rangi mwishoni yupo. Namheshimu kwa jibu hilo.

Wa pili alileta milioni 27.9, bila asbesto. Alisema asbesto hataigusa, tutafute wa kuishusha. Alikuwa amepanda kwa milioni 4.4 kutoka bei yake ya kwanza, kwa sababu sasa ilimbidi aweke geji 28 na bomba mpya.

Mkandarasi alishuka. Kazi za awali milioni 2.4, kwa vile mama angehamia kwa shangazi Mbezi na chumba chake kingekuwa stoo. Asbesto ilibaki 7. Paa 10.1. Dari 4. Choo na bafu 5; humo nilikuwa nimekuta mlango wa bafu umehesabiwa mara mbili, akakubali kosa na kuutoa. Kuta 1.5. Hapo ni milioni 30. Dharura aliishusha yeye mwenyewe hadi asilimia 5. Pamoja na VAT: Sh 37,170,000.

Ukiitoa asbesto kwenye bei yake, pamoja na sehemu yake ya dharura na VAT, inabaki Sh 28,497,000. Tofauti kati yake na fundi wa VETA ikawa chini ya laki sita. Mwezi mmoja kabla ilikuwa zaidi ya milioni 30.

Si punguzo lote lilitoka kwenye kufungua. Sebule tuliiacha, na marumaru tulichagua za bei ya chini kidogo. Lakini paa lilishuka kwa milioni 4.4, kuta kwa 2.7 na dharura kwa 4.5 kwa sababu moja tu: mtu alichungulia.

Tulivyoamua

Milioni 37 bado haikuwa 15. Kikao cha pili kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza, kwa sababu sasa hatukuwa na mtu wa kumtupia lawama. Kaka alipendekeza tumpe wa pili kazi yote na kutafuta watu wa kushusha asbesto kwa bei ya mtaani. Nilipinga, na nilipinga kwa sauti. Mama ndiye aliyefunga mjadala, naye hakuuliza kuhusu bei hata kidogo. Aliuliza, "Paa likivuja masika, ni nani atakayerudi?"

Tulimchukua mkandarasi, kwa sharti kwamba asilimia 10 ya fedha inabaki kwetu hadi muda wa matazamio, ule wa kurudi kurekebisha kasoro, wa miezi tisa upite, na masika yote iwe ndani yake. Alikubali bila kubishana, nikajilaumu kwa kutoliomba hilo mapema. Dada alikopa kwenye saccos yao, sisi wengine tuliongeza mchango wa miezi minne.

Kazi ilianza Septemba ili iwahi vuli, ikachukua wiki tano. Kwenye dharura ya milioni 1.5 zilitumika Sh 640,000 tu, nyingi kwenye waya za umeme zilizokutwa zimetafunwa na panya juu ya chumba cha mama. Zilizobaki zilikatwa kwenye hesabu ya mwisho pamoja na VAT yake, tukaishia Sh 36,155,200. Niliziweka risiti na kurasa zote kwenye faili moja, pamoja na ile karatasi ya daftari yenye mifuko 20.

Kosa moja lilibaki, na ni letu. Jikoni la nje, lile la kuni, lina bati nne za asbesto. Hatukulitaja kwa mtu yeyote, kwa sababu tangu utotoni hatukuwahi kulihesabu kama sehemu ya nyumba. Mkadiriaji alipima tulichomwonyesha. Nilipoliona, gari la taka lilikuwa limeshaondoka, na kuirudisha timu ile kwa bati nne mkandarasi alitaka Sh 900,000 juu. Bei ni kubwa kwa bati nne, lakini nguo, barakoa, nailoni na gari ni vile vile ziwe nne au arobaini, na bati hizo zingeingia kwenye ile milioni 7 bila kuongeza kitu cha maana kama tungeziandika. Bado ni nzima, hazina ufa. Tumezipaka rangi ya kufunika, tumewakataza wajukuu kurusha mpira upande ule, na kwenye mchango wa familia wa mwaka huu mstari wa kwanza kabisa ni jikoni la nje.

Mama amesharudi. Mchicha ameuhamishia mbele, karibu na geti, kwenye udongo mpya.